Mkono wa kushoto wa Bwana Iliki: kisa cha klachi, otomatiki na mteremko wa Amani

Skuta ilifika kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, imelazwa nyuma ya kirikuu, ile pikapu ndogo, usukani umepinda upande mmoja na matope mekundu ya milima ya Amani yamekauka mpaka kwenye taa. Mwenyewe alishuka kiti cha mbele akichechemea. Hakuumia sana, alhamdulillahi: goti, kiwiko, na kiroba kimoja cha iliki kilichopasukia bondeni. Nilipomwamkia alinipa mkono wa kulia, kisha akasema maneno yaliyonifanya niandike kisa hiki.

"Fundi, si ulisema otomatiki haina kazi ya mkono wa kushoto?"

Nilisema kweli. Tena nilisema kwenye simu, bila kuuona huo mkono wenyewe.

Hapa nitamwita Bwana Iliki, kama wanavyomwita wauza viungo pale soko la Mgandini. Kabla ya biashara hii alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge, kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa. Wenyeji wa Tanga hawahitaji kuelezwa korona ni nini wala inaweza kumfanya nini mtu aliyechoka. Ilimchukulia kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto, na gumba likabaki gumu kama mti. Mkono ule leo unaweza kukaa juu ya usukani na kusukuma kwa kiganja. Kufumbata hauwezi.

Alipoacha mkonge aliingia kwenye viungo. Anapanda Amani kupitia Muheza, ananunua iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu kwa wakulima wa milimani, anashuka nazo Tanga kuuza. Kwa muda alikuwa akikodi bodaboda kila safari, na nauli ikawa inakula faida yote. Shemeji yake mmoja, mtu muungwana, akaamua kumnunulia chombo. Ndiye aliyenipigia simu: "Fundi, shemeji yangu mkono wa kushoto hauwezi klachi. Tumchukulie nini?"

Nikajibu hapo hapo: otomatiki. Nilikuwa na injini imefunguliwa mbele yangu, mikono imejaa oili, na jibu lilionekana wazi. Klachi, ile leva inayoachanisha injini na gurudumu ili ubadilishe gia, haiwezekani, basi chukua kisicho na klachi. Wakanunua skuta ya mkanda, nzuri, ya mkono wa pili lakini safi. Wiki tano baadaye ikaja juu ya kirikuu.

Nilichokiona nilipofungua magurudumu

Kabla ya kumuuliza dereva habari za ajali mimi huiuliza pikipiki kwanza. Pedi za breki ya mbele zilikuwa zimekwisha hadi karibu na chuma, na diski ilikuwa imegeuka rangi ya samawati kwa joto. Nikafungua gurudumu la nyuma, ambalo breki yake ni ya ngoma. Viatu vya breki, vile vinavyobana ngoma kwa ndani, vilikuwa kama vipya. Hata vumbi la kawaida la kusagika halikuwemo ndani ya ngoma.

Hapo nikaelewa, na moyo ukaniuma. Kwa wiki tano mtu huyu alikuwa akishuka mlima kwa breki moja.

Wengi wetu tunabishana kama gia ni bora au otomatiki ni bora bila kuhesabu kazi. Pikipiki ya gia ya kawaida ina kazi tano, ukiacha usukani: resi, breki ya mbele, breki ya nyuma, klachi, na gia. Viungo vya mwili vya kuzifanya ni vinne. Kwa hiyo mkono wa kulia unabeba mbili, resi na breki ya mbele. Mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma. Mkono wa kushoto unavuta klachi, mguu wa kushoto unapandisha na kushusha gia. Hizi Boxer na TVS zinazotubeba kila siku ziko hivyo.

Skuta ya otomatiki inaondoa kazi mbili, klachi na gia. Miguu yote miwili inabaki imekaa tu juu ya ubao. Lakini breki ya nyuma haikuondoka. Imehamishwa kutoka mguu wa kulia ikapelekwa kwenye leva ya mkono wa kushoto, pale pale ilipokuwa klachi. Mtu mwenye mkono mzima hilo halimsumbui, anazoea kwa siku mbili. Bwana Iliki tulimwondolea leva asiyoweza kuivuta, tukamwekea leva nyingine asiyoweza kuivuta, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa imeshika uhai wake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kwenye lami ya Tanga mpaka Muheza breki ya mbele ilimtosha, na shemeji alikuwa ametoa pesa nyingi, akaona haya kulalamika. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi anasikiliza. Akasema, "Mie nilimwambia, wewe unaona haya, mlima hauoni haya."

Mteremko

Anayeijua barabara ya Amani anajua kwamba kutoka Sigi kwenda juu ni kona juu ya kona, msitu huku na huku, na mvua ya Usambara Mashariki haingoji masika. Udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Siku ile alikuwa anashuka na viroba viwili kwenye keria, mvua imenyesha alfajiri. Alifunga resi ili aende polepole. Skuta, badala ya kutulia, ikaanza kukimbia yenyewe. Akabana breki ya mbele. Gurudumu la mbele likafunga kwenye matope, likateleza, akalala nayo.

Alidhani breki ndizo zilizomwangusha, na kwa sehemu ni kweli. Lakini lile neno lake, "ikaanza kukimbia yenyewe", ndilo lililo na mzizi wa jambo, kwa hiyo niruhusiwe kufungua kifuniko cha mkanda.

Upande wa injini kuna sahani mbili zilizotazamana, na kati yao umepita mkanda. Nyuma ya sahani moja kuna rola ndogo. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinatupwa kwenda nje, zinaisukuma ile sahani, nafasi inabana, na mkanda unalazimika kupanda juu. Upande wa gurudumu la nyuma kuna sahani mbili nyingine zilizobanwa na springi. Huko mkanda unavutwa ndani na sahani zinaachana. Hivyo ndivyo otomatiki inavyobadilisha gia bila kuwa na gia, kidogo kidogo, bila ngazi. Ni ubunifu mzuri na wala si wa jana: kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari lenye mfumo wa mkanda wa namna hii mwaka 1958.

Baada ya mkanda, kwenye shafti ya nyuma, kuna klachi inayojishika yenyewe. Ina viatu vinavyotanuka kwa mzunguko na kung'ang'ania kikombe kilichovifunika. Ukivuta resi vinashika, skuta inaondoka. Mzunguko ukipungua sana vinajikunja na kuachia. Ndiyo maana skuta inasimama kwenye taa bila kuzimika na bila wewe kushika chochote.

Basi mfikirie Bwana Iliki kwenye kona za Amani. Amefunga resi, mwendo umeshuka mpaka kama wa mtu anayetembea haraka. Viatu vya klachi vimejikunja. Injini na gurudumu havishikani tena. Yuko kwenye fri, kwenye mteremko, na mzigo nyuma, bila yeye kuiweka fri. Kwenye pikipiki ya gia ungekuwa namba mbili au namba moja, na injini ingelishika gurudumu la nyuma kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Skuta nayo ina kushika huko kwa injini ikiwa kwenye mwendo, ila ni kudogo, huwezi kuichagulia namba ya chini, na ukienda polepole sana kunatoweka kabisa.

Kuna dawa ndogo ambayo waendesha skuta wa milimani wanapaswa kuijua. Ukiona imeanza kukimbia, ipe resi kidogo sana, viatu vishike, kisha rudisha taratibu. Injini itashika tena kwa muda. Lakini dawa hiyo inamtaka mtu awe na breki ya nyuma ya kumsaidia wakati anapotoa resi. Bwana Iliki alikuwa na mkono mmoja wa kufanya vyote, na ule mkono wa resi ndio huo huo wa breki.

Nikazidi kuona jinsi kila kitu kilivyomwelemea. Viroba juu ya keria vinalaza uzito nyuma, kwa hiyo gurudumu la nyuma ndilo lililokuwa na nguvu ya kushika barabara, na ndilo lisilokuwa na breki. Matairi ya skuta ile ni ya inchi 10, yanaingia kwenye shimo ambalo tairi la inchi 17 lingelivuka. Na wakati wa kupanda, mkanda ulikuwa ukitoa harufu ya kuungua, jambo ambalo aliniambia kama habari ndogo tu.

Sitaki mtu asome hapa akatoke anatukana skuta. Mji wa Tanga ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa tangu enzi za wazee wetu. Mtu anayekaa Raskazone na kufanya kazi Chumbageni, mikono yake mizima, skuta itamfaa kuliko pikipiki ya gia, hasa kwenye foleni na kwa anayevaa kanzu au baibui. Wanaoiita pikipiki ya kike vijiweni wanawanyima watu chombo kizuri kwa maneno tu. Shida yetu haikuwa skuta, ilikuwa kumchagulia mtu chombo bila kutazama mwili wake na njia yake.

Tulichojaribu kabla ya kupata jibu

Shemeji alikuja siku ya pili akiwa na wazo: fundi wa kuchomelea aweke pedali ya mguu kwenye skuta, iunganishwe na waya wa breki ya nyuma. Nilikataa. Ubao wa skuta ni plastiki juu ya bomba jembamba, na breki ni kitu ambacho sikichomelei kwa kubahatisha. Kama ingekatika Sigi, ningemwambia nini yule mama wa kwenye benchi?

Tukajaribu njia ya pili, kurudi kwenye pikipiki ya gia na kuilainisha klachi. Nina pikipiki ya gia ya sisi (cc) 125 ya mteja wangu, aliniruhusu. Nilibadilisha waya, nikaupaka mafuta, nikaweka mkono wa chuma mrefu zaidi pale waya unapoingia kwenye injini. Ukiurefusha mkono ule, kuvuta kunakuwa kwepesi. Kisha tukafunga mizani ya ndoana ya muuza samaki kwenye leva, nipime inavyotaka kuvutwa, halafu nipime anavyoweza yeye. Baada ya kazi yote hiyo alifika chini ya nusu.

Na wepesi una bei yake. Mkono ukiwa mrefu, leva ile ile inausogeza kwa nafasi fupi zaidi, kwa hiyo sahani za klachi haziachani vizuri. Gia zikaanza kulia na fri ikawa haipatikani pikipiki ikiwa imesimama. Nikairudisha ilivyokuwa.

Kuna vijana wanaobadilisha gia bila klachi, wanapunguza resi kidogo na kupandisha. Inawezekana ukiwa kwenye mwendo. Lakini kuondoka na kusimama lazima klachi, na mtu wa sokoni anasimama mara mia kwa siku. Kuhamishia leva ya klachi upande wa kulia, juu ya ile ya breki, nako kunafanyika kwa watu wenye ulemavu wa mkono, ila kungeurundikia mkono wa kulia kazi tatu, na sisi tayari tulikuwa tumeona unavyolemewa na mbili.

Usiku ule nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa na Honda C70. Alikuwa akitoka Pongwe na mkono wa kushoto ameshika kuku wawili kwa miguu, na mkono wa kulia peke yake kwenye usukani. Sisi watoto tulikuwa tunacheka. Sasa sikucheka. Niliamka nikakaa kitandani.

Honda ya namna ile, Super Cub, ilianza kuuzwa mwaka 1958, injini ya sisi 50 na gia tatu. Inasimuliwa kwamba Soichiro Honda alitaka pikipiki ambayo mpeleka tambi wa Japani angeweza kuiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umebeba sinia. Ilipofika 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Yamaha Mate na Honda Wave ni za mtindo huo huo. Gia zipo, namba kwa namba, unazikanyaga kwa mguu wa kushoto: vidole mbele kupandisha, kisigino nyuma kushusha. Leva ya klachi haipo. Klachi ya ndani inajishika yenyewe kwa mzunguko wakati wa kuondoka, na ukikanyaga pedali ya gia, pedali yenyewe inaiachanisha klachi mpaka utakapoinua mguu.

Hesabu kazi tena. Mkono wa kulia, resi na breki ya mbele. Mguu wa kulia, breki ya nyuma. Mguu wa kushoto, gia. Mkono wa kushoto: hakuna, ni wa kusaidia usukani tu. Nimezirekebisha pikipiki hizi tangu ujana na sikuwahi kuziona kwa jicho hilo.

Leo ulaya na Japani kuna mengi zaidi. Honda waliweka klachi mbili zinazobadilisha gia zenyewe kwenye VFR1200F ya mwaka 2010, na siku hizi wana klachi ya umeme kwenye pikipiki zao kubwa. Siku moja zitafika Makorora hapa Tanga, sina wasiwasi. Mgonjwa wangu alikuwa anataka kwenda kununua iliki Jumanne.

Tangamano, alfajiri

Skuta iliuzwa kwa mama mmoja wa mjini baada ya kuifunga pedi na diski mpya, na nilimweleza kila kitu kilichoipata. Tukapata ya mtindo wa Wave, sisi 110, iliyotunzwa. Niliongeza meno matatu kwenye sproketi ya nyuma, ile duara yenye meno inayozungushwa na cheni, ili ipande mlima na viroba. Kwenye lami ya Muheza sasa inapiga kelele mapema, na mwendo wake wa kutulia ni kilomita 60 kwa saa. Aliridhia.

Tulifanya mazoezi uwanja wa Tangamano kabla jua halijachomoza. Kuondoka na kusimama alikujua kwa robo saa. Kushusha gia ndiko kulikotupa kazi. Siku ya pili alipiga kisigino mara mbili haraka, kutoka namba nne hadi mbili, akauinua mguu kwa ghafla, na gurudumu la nyuma likaburuzika. Aliogopa sana. Nikamwambia: kaka, kile kisigino ndicho klachi yako. Ukikiachia ghafla ni kama umeachia leva ghafla. Kanyaga, shikilia chini, ongeza resi kidogo injini iufikie mwendo wa gurudumu, kisha inua mguu taratibu. Alirudia mpaka watu wa sala wakawa wametoka na kwenda makazini.

Nilimfundisha pia kushuka namba moja moja, na kushuka kabla ya kona, siyo ndani yake. Akiwa Sigi anakwenda chini: namba mbili, resi imefungwa, injini inashika, mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma na kuachia, unagusa na kuachia, ngoma isipate moto. Breki ya mbele kwa upole, na pale tu gurudumu limenyooka.

Safari ya kwanza nilikwenda naye, mimi nyuma na pikipiki yangu, bila mzigo. Kwenye ile kona aliyoangukia alisimama pembeni, akatazama bondeni muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akapiga kisigino mara moja, namba mbili, tukashuka.

Sasa ni mwezi wa nane. Juzi aliileta kwa huduma ya kawaida. Nilifungua magurudumu yote mawili kabla sijamuuliza habari. Pedi za mbele zimelika kidogo, viatu vya nyuma vimelika zaidi, vyote kwa usawa wa kutumika vizuri, na diski ni nyeupe. Cheni ilikuwa imelegea, nikaikaza.

Limebaki jambo moja. Swichi ya indiketa iko upande wa kushoto, na gumba lake halisogei, kwa hiyo kila akitaka kukata kona inabidi aondoe kiganja kizima kwenye usukani. Kwenye ile C70 ya baba swichi ilikuwa kulia, kwa ajili ya mpeleka tambi. Nimeagiza ya namna hiyo, imefika jana, waya zake nimeshazipima. Anakuja Jumamosi.